Kuchagua kabati la sinki la bafuni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mimi ni seremala wa makabati hapa Dar es Salaam. Nilianza na ya jikoni na ya nguo, lakini siku hizi ya bafuni ndiyo yanayojaza simu yangu. Karibu kila mteja anaanza kwa kunitumia picha: kabati jeupe limening'inia ukutani, bakuli juu yake, kioo kina taa. "Fundi, hii shilingi ngapi?" Kabla ya bei namuuliza maji yao yanatoka wapi, bafu wanaliosha kwa ndoo au kwa kitambaa, na nani hasa ananawia pale. Wapo wanaodhani namzungusha mtu ili nipandishe bei. Ukweli ni kwamba kabati la bafuni huuawa na maji, na kila nyumba ina maji yake na tabia zake za kuyamwaga.

Vaniti ni kitu gani? Si sinki tu hilo?

Ni sinki lenye kabati chini yake. Sinki la kawaida limesimama juu ya mguu wa kauri au limepigwa ukutani, mabomba yote nje. Vaniti inayaficha mabomba na kukupa mahali pa kuweka sabuni, tishu, dawa ya kusafishia na yale machupa ya losheni yaliyojipanga dirishani. Kama bafu lako ni dogo na tayari una shelfu ya kutosha, sinki la mguu halina ubaya wowote. Nimeshawaambia wateja hivyo nikakosa kazi.

Nipime nini kabla ya kwenda dukani?

Watu wengi hupima ukuta tu. Ukuta una futi tatu na nusu, basi wananunua kabati la sentimita 100. Siku ya kufunga, mlango wa bafu unagonga kona ya kabati na kugoma nusu ya safari. Pima mlango ukiwa wazi kabisa, kisha anza hapo.

Makabati ya dukani huja zaidi kwa upana wa sentimita 45, 60, 80, 90 na 120, na kina cha kati ya 45 na 50. Mbele ya kabati acha sentimita 55 kwa uchache, kwa sababu mtu anayenawa uso huinama na makalio yanahitaji mahali. Ukipata 75 utashukuru. Kutoka katikati ya beseni hadi ukuta wa pembeni au hadi choo isipungue 38, la sivyo kiwiko kitagonga kila asubuhi.

Halafu pima vitu ambavyo havimo kwenye picha: bomba la maji machafu linatokea ukutani au sakafuni, na kwa urefu gani, koki ndogo mbili za ukutani ziko wapi, swichi iko wapi. Bomba likitokea ukutani pale hasa droo inapotakiwa kuingia, droo hiyo utaikata au utaiacha dukani.

Njia yangu ya bei rahisi ni boksi. Tafuta boksi la friji au la TV, likate kwa vipimo vya kabati unalolitaka, lisimamishe mahali pake, ishi nalo siku mbili. Ogeni, pisheni, fungueni mlango. Mteja wangu mmoja wa Mbezi alitaka la sentimita 120, akarudi baada ya siku mbili akasema, "Fundi, nipe la themanini."

Urefu kutoka sakafuni uwe kiasi gani?

Sentimita 80 hadi 85 kwa familia yenye watoto na wazee, hadi 90 kwa watu warefu. Hesabu hiyo inakwenda mpaka ukingo wa beseni, si mpaka juu ya kabati. Hapa ndipo wengi wanapokosea wakichagua bakuli la kukaa juu. Bakuli lenyewe lina sentimita 12 hadi 15, kwa hiyo kabati lake linatakiwa kuwa fupi, karibu 70. Ukiweka bakuli juu ya kabati la 85, mama yako atanawa mikono kama anayechungulia dirishani, na maji yatamtiririkia mpaka kwenye viwiko.

MDF, plaiwudi, PVC au mbao halisi?

Hili ndilo swali lenyewe, kwa hiyo nitakaa nalo.

Kabati langu la kwanza la bafuni nilimtengenezea mama mmoja wa Tabata, kwa MDF ya kawaida, rangi nyeupe ya kung'aa, droo mbili. Lilipendeza mpaka majirani wakaja kuliangalia. Masika ikaja, na ndani ya nyumba hiyo bafu lilikuwa linamwagiwa ndoo mbili kila Jumamosi. Mwezi wa tano akanipigia. Ubao wa chini ulikuwa umevimba kama andazi, rangi imepasuka kwenye kingo, mlango haufungi. Nilibonyeza kwa kidole gumba, kikaingia. Nililitengeneza upya kwa pesa yangu, na tangu siku hiyo MDF ya kawaida haiingii bafuni kwa mkono wangu.

MDF ni nyuzi laini za mbao zilizoshindiliwa na gundi. Ikinywa maji inavimba na hairudi tena. Kuna ile ya kijani ndani, inayoitwa ya kuzuia unyevu. Ni bora kweli, lakini ujue mambo mawili: ukijani ni rangi ya kuitambulisha tu, si dawa yenyewe, na kuvumilia unyevu wa hewa si kuvumilia dimbwi. Nitaikubali kwa milango, kama kingo zote zimefungwa. Kwa ubao wa chini, hapana. Chipbodi usiiguse kabisa.

Plaiwudi ni karatasi nyembamba za mbao zilizogundishwa kwa kupishana. Inashika skrubu vizuri na ikilowa kidogo inakauka. Siri iko kwenye gundi. Na jina "marini" lisikuondolee wasiwasi, maana kwa maduka mengi ya hapa marini bodi ni ile plaiwudi ya kahawia yenye filamu, inayotumika kwenye fomu za zege. Uso wake haupitishi maji, lakini pale msumeno ulipopita pako wazi kama kidonda. Fundi asiyepaka kingo zilizokatwa amekuuzia filamu tu.

Bodi ya PVC ni plastiki yenye povu ndani. Hainywi maji, mchwa haili, unaosha kwa mpira. Kwa bafu la pwani linalomwagiwa maji kila siku, hili ndilo chaguo langu la kwanza kwa mwili wa kabati. Udhaifu wake ni skrubu: bawaba ikifungwa moja kwa moja kwenye bodi nyepesi, baada ya mwaka inachomoka na kipande. Bonyeza bodi kwa ukucha. Ikiacha alama kirahisi ni nyepesi mno. Mwambie fundi atumie ya milimita 18 na skrubu zinazofaa, na kaunta ya jiwe isimame juu ya fremu, isilalie bodi tupu.

Mbao halisi? Mninga ni mtulivu, hauvimbi na kusinyaa ovyo kama mbao nyingine. Mtiki una mafuta yake ya asili yanayosukuma maji, na unalimwa hapahapa nchini, Longuza kule Muheza na Mtibwa huko Morogoro. Ila ziwe zimekauka sawasawa. Mbao mbichi ya bei nzuri itajipinda ndani ya nyumba yako badala ya kujipindia kwenye ghala la muuzaji. Paini ya kawaida waachie watu wa Iringa wenye bafu kavu na vanishi ya kutosha.

Ukiwa bado una shaka, omba kipande cha bodi cha saizi ya kiganja. Pima unene wake kwa rula, kizamishe kwenye ndoo usiku mzima, pima tena asubuhi. Muuzaji anayekataa kukupa kipande ameshakujibu.

La kuning'inia au la kusimama?

Bafu zetu nyingi hazina kizuizi cha shawa. Maji ya kuoga yanatembea sakafu nzima kabla ya kufika kwenye tundu. Kabati lililokaa bapa sakafuni litasimama ndani ya maji kila siku. Kwa hiyo ama liningʼinie, ama liwe na miguu ya plastiki au ya chuma kisichoshika kutu, sentimita 15 hivi, ili ufagio upite chini.

La kuning'inia linapendeza zaidi na linasafishika zaidi, lakini linategemea ukuta. Fanya hesabu: kaunta ya graniti ya sentimita 90 kwa 50, unene wa sentimita 2, ina karibu kilo 24 peke yake. Ongeza beseni, kabati, vitu vya ndani, na mtu mzima aliyeegemea akipiga mswaki. Tofali la kushindiliwa lililo zima linabeba hayo yote kwa boliti za kupanuka zilizozama vizuri. Tofali lenye matundu linahitaji nanga zake maalumu au bamba la kugawa uzito. Ukuta wa jipsamu bila mbao nyuma yake usiujaribu.

Nyumba za kale za Mji Mkongwe, Zanzibar, ni suala jingine kabisa. Kuta zake ni mawe ya matumbawe na chokaa. Ukitoboa kwa drili unatoka unga, na fisha, ile plagi ya plastiki ya kushikia skrubu, inazunguka ndani ya tundu kama kijiko kwenye uji. Huko weka kabati la miguu, na liache nafasi kidogo nyuma ili ukuta upumue.

Kwetu tunatia udhu kwenye sinki. Inabadilisha nini?

Inabadilisha mengi, na nashangaa ni wateja wachache wanaolitaja. Udhu unaishia miguuni. Mtu anainua mguu mmoja, anauweka ndani ya beseni, na uzito wake wote unaegemea ukingoni. Mara tano kwa siku, mara idadi ya watu wa nyumba. Nimeliona kabati la kuning'inia lililochomoka upande mmoja kwa sababu hiyo tu, beseni limepasuka kuanzia kwenye tundu la koki.

Kama nafasi ipo, weka koki ya chini pembeni, sentimita 40 au 50 kutoka sakafuni, karibu na tundu la maji, na kigoda cha kukalia. Wazee wa nyumba watakushukuru kuliko wote. Kama haipo, chagua kabati la kusimama lenye fremu imara, beseni la kuzama badala ya bakuli la juu, na ukingo usizidi sentimita 80. Kaunta iwe na mdomo kidogo mbele, maana maji yatakuja tu.

Maji yetu ni ya kisima, yana chumvi. Nichague vipi?

Hapo angalia vyuma kwanza. Koki ya bei rahisi huwa ni zinki iliyopakwa kromu. Ukiinyanyua ni nyepesi. Chumvi hupenya rangi, vidonda vyeupe vinatokea, na siku moja shingo inabaki mkononi mwako. Koki ya shaba nyeupe iliyopakwa kromu ni nzito mkononi na hudumu.

Bawaba na reli za droo ziwe za chuma cha pua, daraja la 304. Wauzaji watakuonyesha kwa sumaku: "Ona, haishiki, hii ni stenlesi." Sumaku haitoshi. Kuna daraja la 201 ambalo nalo huwa halishiki sumaku, na hilo kwa maji ya chumvi na hewa ya pwani huanza kutoa madoa ya kutu mapema. Soma namba iliyogongwa kwenye bawaba yenyewe, au ununue mahali utakaporudi kulalamika ukasikilizwa.

Beseni la kioo usinunue, kila tone likikauka linaacha duara. Kauri nyeupe ndiyo rafiki wa maji ya chumvi.

Nimeweka mikisa nzuri lakini maji yanatoka kama uzi. Imeharibika?

Mikisa ni koki inayochanganya maji ya moto na baridi, na pengine yako ni nzima. Tatizo ni tanki. Kila mita moja ya urefu kutoka tanki hadi koki inakupa msukumo wa karibu bari 0.1. Tanki lililo mita 3 juu ya sinki linatoa bari 0.3, na mikisa nyingi za kisasa zimetengenezwa kwa bari 1 na kuendelea. Kupata hiyo bila pampu, tanki lingekuwa mita 10 juu, yaani juu ya paa la ghorofa tatu.

Kwa nyumba ya tanki la kawaida, nunua koki ya msukumo mdogo au ile rahisi ya maji baridi tu, yenye njia pana. Kabla ya kumlaumu mtu, fungua kile kichujio cha mdomoni uone mchanga uliojaa. Na kama huna hita bafuni, mikisa ya maji mawili ya nini?

Kaunta iwe ya jiwe gani?

Graniti. Marumaru halisi ni nzuri kwa macho lakini ni jiwe la chokaa, asidi inalila. Limau, siki, dawa kali za choo, vyote vinaacha kovu lisilong'aa ambalo kitambaa hakiliondoi. Unaponunua, dondoshea kipande cha sampuli tone la limau, subiri dakika kumi, futa, kiinamishe kwenye mwanga. Kwa bafu la wageni marumaru sawa. Kwa bafu la watoto wanne, hapana.

Kuna pia kaunta za kauri zilizoungana na beseni, kipande kimoja. Hazina kiungo cha kuvujisha maji wala jiwe la kubeba. Kwa mtu anayetaka amani, nampa hizo.

Bakuli la juu au beseni la kuzama?

Bakuli la juu linauza picha. Kulisafisha ni shughuli: uchafu unakaa kwenye mduara linapogusana na kaunta, na mkono haufiki nyuma. Pia linadai koki ndefu, na koki ndefu huongeza kurusha maji.

Tazama kama beseni lina kale katundu kadogo ka kupunguzia maji karibu na ukingo. Mabakuli mengi hayana. Beseni lenye tundu hilo linahitaji wesiti (kile kipande cha tundu la chini la kutolea maji) yenye mpasuo pembeni. Lisilo nalo linahitaji isiyo na mpasuo. Zikibadilishana, maji hupita kwenye nyuzi za skrubu na kudondoka kimyakimya ndani ya kabati jipya. Nimeitwa mara nyingi kwa "kabati linavuja" nikakuta ni hilo.

Kabati ni jipya, mbona likifunguliwa linanuka?

Fungua mlango utazame bomba. Chini ya sinki lazima pawe na kona inayobaki na maji muda wote, sentimita 5 hadi 7.5, ili harufu ya shimo isipande. Mafundi wenye haraka huweka bomba la plastiki lenye mikunjo, moja kwa moja mpaka ukutani, kona hakuna. Likunjwe kama herufi U na kufungwa lisinyooke, au bora liondolewe uweke kona ngumu. Na pale bomba linapoingia ukutani au sakafuni pazibwe kwa raba au silikoni. Mende hupita hapohapo.

Ninunue la boksi Kariakoo au nitengenezewe?

La boksi unaliona leo unalifunga kesho, na kwa upana wa 60 au 80 bei yake ni vigumu kushindana nayo. Fungua boksi palepale. Angalia kama kingo za nyuma na chini zimefunikwa, maana mbele hufunikwa kila mara. Vuta droo mpaka mwisho uibonyeze. Uliza kama koki, wesiti na kioo vimo kwenye bei, kwa sababu mara nyingi picha inavyo na boksi halina.

La kutengenezewa, Keko au kwa fundi wa mtaani kwako, linafaa ukuta ukiwa na vipimo vya ajabu, mabomba yakiwa mahali pabaya, au ukitaka bodi unayoiamini. Nenda ukaangalie kazi aliyoifunga mwaka juzi. Ile ya jana kila mtu anayo nzuri. Advansi isizidi gharama ya vifaa, na vifaa uviandike kwa majina: aina ya bodi, unene, daraja la bawaba.

Nani aanze, fundi bomba, wa tailizi au seremala?

Chagua kabati kwanza, hata kama hulinunui leo. Mpe fundi bomba mchoro wake wenye vipimo, aweke mabomba. Kisha tailizi, na zipite mpaka nyuma na chini ya kabati, usimsikilize anayetaka kuokoa boksi moja. Ukibadilisha kabati baada ya miaka sita utakuta zege tupu na tailizi zile hazipo tena sokoni. Seremala anakuja mwisho na pima maji yake. Silikoni ikishapigwa kwenye kiungo cha kaunta na ukuta, iachwe saa 24 bila maji. Ficheni koki kama mna watoto.

Kioo chenye taa kinafaa?

Kinafaa kama waya wake ulipitishwa ukutani kabla ya tailizi na kina alama ya IP44 au zaidi, yaani kimekingwa dhidi ya maji yanayoruka. Soketi ikae mbali na mruko wa maji. Kazi hiyo ni ya fundi umeme, mimi huwa natundika tu.

Nimepanga. Nifanye nini?

Usiguse beseni la mwenye nyumba. Tengeneza kabati dogo la miguu lililokatwa nyuma ili likumbatie mabomba, lisilofungwa ukutani. Ukihama unalivuta na kuondoka nalo.

Rangi gani haionyeshi uchafu?

Kila rangi ina uchafu wake. Nyeusi inaonyesha chumvi na vumbi la sabuni kuanzia siku ya pili. Nyeupe inaonyesha hina na piko, na piko kwenye bodi nyeupe haitoki. Maji yakiwa ya kisima, chukua kijivu cha kati au rangi ya mchanga, isiyong'aa sana. Yakiwa ya bomba na nyumbani hakuna anayepaka piko, chukua ile ya kwenye picha uliyonitumia.